Nyonga ilijaa usaha baada ya kujifungua, sasa maumivu yameisha naambiwa niache dawa

Shikamoo Anti,

Mi ni mama wa watoto wawili, huyu wa pili ndo kwanza anaanza kukaza shingo. Naomba unisome mpaka mwisho hata kama nimeandika ndefu, maana hapa nilipo kila ninayemwambia ananiona nadeka.

Nilijifungua kawaida, nikachanika kidogo nikashonwa, nikaruhusiwa nikarudi nyumbani natembea mwenyewe vizuri tu. Ilipofika kama wiki ya pili ndo nikaanza kusikia maumivu upande wa kulia kwenye kinena, yanashuka ndani ya paja mpaka gotini, mara nyingine nayasikia nyuma kwenye tako, yaani hata kuonyesha kwa kidole panauma wapi nilikuwa siwezi. Nikajua nimelala vibaya. Kulipokucha nikashindwa kukanyaga kabisa. Nikishusha mguu ni kama kisu, kugeuka kitandani mpaka mume wangu aninyanyue, mtoto akilia na mimi nalia. Na homa ikapanda, baridi mpaka meno yanagongana.

Tukaenda hospitali wakasema ni nyonga inarudi mahali pake baada ya uzazi, wanawake wengi wanapata, nikachomwa sindano ya maumivu nikapewa na vidonge. Ile sindano ikifanya kazi homa inashuka nalala, naonekana nimepona, ikiisha nguvu yanarudi yale yale na zaidi. Tukarudi tena wakapiga eksirei wakasema mifupa ni misafi haina shida yoyote. Basi ikawa ndo neno la mwisho, kila mtu nyumbani akaiamini ile picha kuliko mimi ninayeumwa. Mama mkwe akasema nijikaze, yeye alizaa na siku ya tatu alikuwa anafua.

Kilichoniokoa ni hospitali nyingine, daktari kijana tu, aliukamata mguu akajaribu kuuzungusha polepole nikapiga yowe wodi nzima ikageuka. Akasema huyu harudi nyumbani. Wakachukua damu nyingi, nikapigwa MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, ikaonekana kiungo cha nyonga kimejaa maji na mfupa wa pembeni umeshaanza kuliwa. Wakaingiza sindano ndefu wakavuta, ukatoka usaha. Usiku uleule nikaingizwa theatre wakafungua wakaosha. Nikalazwa muda mrefu na dripu, mtoto analetwa kunyonya, mpaka nikaruhusiwa na vidonge vya aina mbili, kimoja kinanikojolesha rangi ya chungwa. Natembelea magongo, nimeambiwa huu mguu nisiuwekee uzito mpaka wao waseme.

Sasa Anti maumivu yameisha, na hapo ndo vita ilipoanza. Mama mkwe anasema dawa zote hizo zinaingia kwenye maziwa zinamharibu mtoto, kwa hiyo nichague, niache dawa au niache kunyonyesha. Wifi yangu aliona boksi la dawa akaenda kusoma kwenye simu, akarudi anasema hizo ni dawa za TB, tangu siku hiyo hamleti mwanae chumbani kwangu. Dada yangu wa damu naye ananiambia kama kweli mfupa ulikuwa unaoza wasingenipa vidonge, wangeniacha kwenye sindano, ina maana wamenipunguzia tu. Mume wangu ni mtu mzuri sana ila juzi ameniuliza hivi hayo magongo mpaka lini, nikashindwa kumjibu, nikageukia ukutani.

Kwa ujumla naendelea vizuri lakini. Kidonda kilishafunga, ila hivi karibuni kona ya chini kumefunguka katundu kadogo kanatoa majimaji, naweka pamba yanakauka, na jioni jioni nasikia joto kidogo ila si kama lile la mwanzo.

Maswali yangu ni kwamba naweza kuacha dawa sasa hivi maana sina maumivu? Mtoto aendelee kunyonya? Nina TB? Nitakuja kutembea bila kuchechemea? Na je nitaweza kuzaa tena au ndo basi?

Mama wa wawili

*

Marahaba mwanangu.

Maswali yako yote nitayajibu ila nitaanza na lile ambalo hukuuliza, umelipitisha pale mwishoni kama jambo dogo. Hako katundu kanakotoa majimaji na hilo joto la jioni. Kesho asubuhi rudi kwa waliokupasua. Si zahanati ya jirani, si duka la dawa, wale wale waliofungua nyonga yako au kitengo chao cha mifupa, hata kama kliniki yako imepangwa mbele. Na kama usiku wa leo utatetemeka kwa baridi, au homa ikafika nyuzi 38 na kuendelea, au nyonga ikaanza kuuma tena ukigeuka, au ukahema haraka haraka, moyo ukaenda mbio, ukachanganyikiwa, hapo hakuna cha kesho, nenda dharura usiku huohuo.

Nimefanya kazi ya unesi wodi ya wazazi miaka mingi kabla ya kuanza kuandika hapa, na sikuandikii hivi ili nikutishe. Inawezekana ikawa ni uzi tu wa ndani mwili unausukuma nje, inatokea, wanautoa na kidonda kinafunga. Lakini kidonda kilichokuwa kimefunga kikifunguka tena na kutoa majimaji juu ya mfupa uliokuwa na maambukizi, maana yake nyingine ni kwamba ndani bado kuna usaha unatafuta njia ya kutokea, na hilo huwezi kulitofautisha kwa macho ukiwa kitandani kwako wala mimi siwezi kwa kusoma barua. Kwa hiyo usikaminye, usikazibe kwa pamba, weka gozi safi kavu juu yake. Pima joto kwa kipimajoto na uandike namba na saa, na upime kabla ya kumeza kidonge chochote cha maumivu maana unajua mwenyewe zile dawa za mwanzo zilivyokuwa zinaficha homa. Ukifika usiseme naumwa umwa kidogo, sema nilioshwa nyonga kwa sababu ya usaha, kidonda kimeanza kutoa majimaji na napata joto jioni. Watakupima damu, hasa kile kipimo cha CRP kinachoonyesha kama mwili bado unapambana na maambukizi, walinganishe na namba yako ya siku uliyoruhusiwa. Kama inatakiwa kushuka na badala yake imepanda, wao wanajua cha kufanya. Na mtu asikubadilishie antibayotiki njiani kwa kubahatisha, wala usiache mwenyewe ukisema nasubiri waone, kama wanataka kuchukua sampuli ya ndani wao ndio watakaoamua dawa zisimame au ziendelee.

Sasa swali lako lenyewe. Hapana, usiache dawa.

Najua ni ngumu kumeza dawa wakati huumwi, na ni ngumu zaidi watu wote wa nyumba wakiwa wanakuona unakula sumu bure. Ila hebu nikueleze kilichotokea humo ndani maana nadhani hospitali waliokuokoa walikuwa na haraka hawakukaa na wewe. Bakteria waliingia kwenye damu yako kutoka mahali fulani, inaweza kuwa ule mchaniko, inaweza kuwa kwenye mfuko wa uzazi, kwenye njia ya mkojo, kwenye titi, hata pale palipochomwa dripu mkononi. Mara nyingi ni yule anayeitwa Staphylococcus aureus, ambaye watu wengi wenye afya zao, karibu mmoja kati ya watatu, wanatembea naye puani bila tatizo. Ujauzito unalegeza viungo vya nyonga, kuzaa kunavivuta, panakuwa na michubuko midogo midogo isiyoonekana, na wadudu wakipita kwenye damu wanapata pa kukaa. Si uchafu wako, si kwamba ulianza kufanya kazi mapema, wala si kwamba ulikosea kitu. Na ni ugonjwa wa nadra, ndiyo maana wengi wanaupita bila kuufikiria.

Usaha ukijaa ndani ya kiungo cha nyonga unafanya mabaya mawili kwa wakati mmoja. La kwanza unayeyusha gegedu, ile nyama ngumu yenye uso laini inayofanya mfupa uteleze juu ya mfupa, na gegedu haina mishipa ya damu kwa hiyo ikiliwa haioti tena kama ngozi. La pili, nyonga ni kiungo kilichofungwa, usaha ukizidi presha inapanda inabana vimishipa vinavyopeleka damu kwenye kichwa cha mfupa wa paja, kichwa kikikosa damu kinaweza kufa. Ndiyo maana ulipasuliwa usiku hawakusubiri asubuhi. Antibayotiki peke yake haiwezi kumaliza usaha uliojaa kwenye kiungo kama hicho, lazima utolewe.

Halafu kuna mfupa, na huo ndo unaokudai hizi wiki zote. Dawa inafika popote damu inapofika, na ndani ya mfupa ulioumwa kuna sehemu damu haifiki vizuri. Wadudu wanajificha humo, wanajitandazia utando, wengine wanalala kabisa hawazaliani, na dawa nyingi zinaua yule anayezaliana. Ni kama mchwa kwenye boriti, unaweza kufagia vumbi lote chini ukaona pamekuwa safi wakati ndani bado wanakula. Maumivu yaliisha kwa sababu usaha ulitolewa na presha ikashuka, hayakuisha kwa sababu mdudu wa mwisho amekufa. Kwa maambukizi ya mfupa kawaida matibabu yanakwenda wiki 6 na wakati mwingine zaidi, na ukikatisha katikati, wale waliobaki ndio wale waliozoea dawa, wakirudi wanarudi na ugonjwa sugu wa mfupa, vidonda vinafunguka na kufunga miaka, operesheni baada ya operesheni za kutoa vipande vya mfupa uliokufa. Nimewaona wagonjwa hao. Sitaki uwe mmoja wao mwanangu.

Dada yako mwambie wasiwasi wake nauelewa, zamani hata madaktari walikuwa wanafikiri hivyohivyo, kwamba mfupa lazima sindano kwenye mshipa wiki zote 6. Mwaka 2019 ukatoka utafiti mkubwa Uingereza, wagonjwa zaidi ya 1,000 wenye maambukizi ya mifupa na viungo, nusu wakaendelea na dawa za mshipani na nusu wakahamishiwa vidonge mapema, na baada ya mwaka walioshindwa kupona hawakuwa wengi zaidi upande wa vidonge. Kwa hiyo hawakukupunguzia kitu. Sharti lake ni moja tu, kidonge kinafanya kazi kikimezwa, sindano alikuwa anakuchoma nesi kwa saa yake lakini kidonge nesi ni wewe.

Na kwenye kumeza kuna kitu sijui kama waliokuruhusu walikwambia. Kama bado unatumia vidonge vya madini ya chuma ulivyopewa kwa ajili ya uzazi, waambie, maana baadhi ya antibayotiki, ciprofloxacin ni mojawapo na doxycycline, zikikutana na chuma au kalsiamu tumboni zinashikana na haziingii mwilini inavyotakiwa, unakuwa umemeza dawa kamili na mfupa umepata nusu. Zinatenganishwa kwa masaa. Baadhi ya dawa za kiungulia nazo hivyohivyo. Beba vifurushi vyote kesho, hata vya miti shamba kama vipo, weka mezani mbele ya daktari au mfamasia, aseme kipi na kipi visikutane.

Hilo la TB. Kidonge kinachofanya mkojo uwe rangi ya chungwa kwa maelezo yako ni rifampicin, na kweli ni dawa ya TB, wifi yako hakusoma uongo, ila alisoma nusu. Rifampicin inatumika pia kwa bakteria wa kawaida kwenye mifupa kwa sababu inapenya vizuri kule dawa nyingine zinakoshindwa, na haitolewi peke yake maana wadudu wanaizoea haraka, ndiyo sababu umepewa mbili. Rangi hiyo itatokea hata kwenye machozi na jasho, usiogope, lakini macho yakiwa ya njano au mkojo ukawa kama kahawa huku unatapika, hiyo si rangi ya dawa, ni ini, unarudi hospitali. Sasa, TB ya nyonga ipo, siwezi kukuficha, ila mara nyingi inaanza taratibu, miezi, haimkuti mtu na homa ya kutetemeka na kushindwa kukanyaga ndani ya siku chache, na dawa zake za kuanzia zinakuwa za aina 4 na zinaenda miezi si wiki. Usibishane na wifi. Ule usaha uliotolewa ulipelekwa kuoteshwa maabara, kesho uliza jibu la kuotesha lilikuwa nini, mdudu gani na anakufa kwa dawa gani, wakuandikie kwenye karatasi. Hiyo karatasi itakusaidia wewe kwanza na ukipenda utamwonyesha yeye. Na hata ingekuwa TB ya mfupa peke yake, bila ya mapafu, haiambukizi mtoto kwa kukaa chumba kimoja.

Kunyonyesha endelea. Antibayotiki nyingi zinazotumika kwa mifupa zinapita kwenye maziwa kidogo sana, na rifampicin haikuzuii kunyonyesha. Mwangalie mtoto tu, akiharisha sana au kinyesi kikiwa na damu, au akaota utando mweupe mdomoni usiofutika, mpeleke aonwe. Kama mojawapo ya dawa ni doxycycline waulize, hiyo haipendezi kwa mama anayenyonyesha ikienda wiki nyingi, wanaweza kukubadilishia. Daktari wako alijua unanyonyesha, mtoto alikuwa analetwa wodini mbele yake, asingekupa kitu cha kumdhuru akanyamaza. Na ukiacha ghafla maziwa yakajaa titi likavimba, tutakuwa tumekuongezea mlango mwingine wa maambukizi.

Nirudi kidogo kwenye eksirei, maana limenikaa rohoni na najua wapo wengine wanasoma hapa wana maumivu kama ya kwako ya mwanzo na wamejibiwa hivyohivyo. Eksirei kuwa safi wiki ya kwanza haina maana mfupa ni mzima. Mfupa lazima upoteze madini mengi kwanza ndo picha ionyeshe, mara nyingi inachukua siku 10 mpaka 14 tangu ugonjwa kuanza, kwa hiyo picha ya mapema inaweza ikawa nzuri kabisa huku ndani panaungua. MRI ndo inaona mapema, na pale isipopatikana, ultrasound inaweza kuonyesha kama nyonga ina maji na wakavuta kwa sindano. Ni kweli maumivu ya nyonga baada ya kuzaa ni mengi na mengi hayana ubaya, ila yale ya kawaida mara nyingi yanauma pande mbili au katikati mbele, yanapungua siku hadi siku, na hayaji na homa. Maumivu ya upande mmoja yanayozidi badala ya kupungua, mtu akashindwa kukanyaga, na homa au baridi ya kutetemeka juu yake, hayo si ya kungoja. Hata kama homa haipo kwa sababu umemeza dawa za maumivu. Mara nyingine kiungo kinachougua si nyonga yenyewe ni kile cha nyuma, pale juu ya tako ambapo nyonga inaungana na uti wa mgongo, au kile cha mbele juu ya kinena, na maumivu yakishuka mguuni watu wanasema ni mshipa wa mgongo. Waambie waziwazi, naomba nipimwe damu na mnifikirie maambukizi ya kiungo, na damu ya kuotesha ichukuliwe kabla ya kuanzishiwa antibayotiki inapowezekana. Kama una sikoseli, kisukari, au kinga yako iko chini, sema mapema kabla hujaulizwa, maana mwenye sikoseli anaweza kuwa na mdudu mwingine kabisa anayetaka dawa nyingine. Na mguu ukivimba kwenye kigimbi, ukawa wa moto, au kifua kikabana ghafla ukakosa pumzi, hiyo inaweza kuwa damu kuganda, kimbia hospitali, wiki za baada ya kuzaa ndo hatari yake iko juu, na wewe mwenyewe unayekaa sana kwa sababu ya magongo uchezeshe nyayo juu chini kila unapokumbuka.

Magongo sasa. Mguu ule hauwekewi uzito kwa amri, si kwa uvivu. Kichwa cha mfupa kilichopitia presha na usaha kikibebeshwa mwili mapema kinaweza kubonyea, na kikishabonyea hakirudi. Watakuruhusu hatua kwa hatua, kwanza kugusa chini tu, baadaye uzito kidogo, na watakupa mazoezi ya fizio ya kuzuia nyonga isikakamae na misuli ya tako isilale. Yafanye hayo mazoezi hata siku usiyojisikia, yana uzito sawa na dawa. Na mtu asikuchue hiyo nyonga wala kuuvuta mguu, awe nani.

Kwa mama mkwe, mimi ni mtu mzima nitasema ukweli, huyu mama ndiye anayekubebea nyumba na anasema anachokijua, yeye aliona wazazi wakipona kwa kujikaza. Usimjibu kwa ukali na usimfiche. Kesho muombe mumeo aende na wewe, na kliniki inayofuata mwombe mama mwenyewe akusindikize, akae mbele ya daktari, daktari aseme kwa mdomo wake dawa ni mpaka lini, magongo mpaka lini, mtoto anyonye au asinyonye. Maneno yaleyale yakitoka kwako ni kudeka, yakitoka kwa daktari ni maagizo. Waandikiwe na tarehe.

Mumeo naye. Huenda hakuuliza kwa kukuchoka, huenda na yeye anaogopa, alikubeba ukiwa unatetemeka na hakuna mtu aliyemwambia huyu atapona lini. Hata wewe hukumjibu kwa sababu hukuwa na jibu, kesho mtalipata pamoja. Halafu umsemeshe. Mwambie vile vitu vya mtoto unavyovihitaji vije kitandani, akuletee mtoto umnyonyeshe umelalia ubavu usiouma, usiku abebe yeye mtoto maana mtu mwenye magongo habebi kichanga anatembea, mnaweza kuanguka wote wawili. Na hiyo ya kugeukia ukutani, ikiwa ni kila siku, huli, hulali hata mtoto akilala, humtaki mtoto au unawaza bora usingekuwepo, hilo mwambie daktari kesho hiyohiyo pamoja na kidonda. Unyong'onyevu baada ya uzazi ni ugonjwa na una matibabu, na aliyelazwa na kupasuliwa juu ya uzazi ana kila sababu ya kuupata.

Utatembea? Wengi waliooshwa mapema wanatembea vizuri. Waliochelewa, wengine wanabaki na maumivu wakati wa baridi au kuchechemea kidogo, na kuna wanaoishia kubadilishiwa nyonga miaka ya mbele baada ya maambukizi kuisha kabisa. Wewe ulichelewa kiasi, si sana, kwa hiyo sikuahidi asilimia na atakayekuahidi leo anakudanganya, picha za miezi inayokuja ndo zitasema kichwa cha mfupa kimekaaje. Unachokishika mkononi leo ni dawa zote mpaka ya mwisho, uzito usiowekwa, mazoezi, na hako katundu kuonwa kesho.

Kuzaa tena inawezekana, mfuko wako wa uzazi haukuhusika na operesheni ya nyonga. Na hata kujifungua kwa operesheni si lazima eti kwa sababu hii, itategemea nyonga inafunguka kiasi gani na hali ya mfupa wakati huo, ukishika mimba kliniki ya kwanza tu waambie historia yote. Ila si sasa. Mpe mfupa muda, daktari wa mifupa akuambie amefunga faili ndo mfikirie, maana mimba inaongeza uzito juu ya nyonga ambayo bado inajijenga. Tendo la ndoa kidonda kikipona na ukijisikia, bila kulazimisha mguu ufunguke kuliko unavyofunguka wenyewe, mkao wa ubavu unawafaa wengi.

Ila hapo kuna mtego. Rifampicin inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi, na inaendelea kuzipunguza kwa wiki kadhaa hata baada ya kuimaliza. Kitanzi cha shaba hakiathiriwi, sindano ya miezi mitatu nayo inakubalika, na kondomu ziko palepale. Kwa hiyo kama uliwekewa kijiti baada ya kujifungua au unameza vidonge ukijua umelindwa, mwambie daktari kesho kabla hujatoka chumbani kwake, na mpaka akujibu tumieni kondomu.

Anti